Mikono Themanini ya Kushoto

Jumatatu ile, saa tatu asubuhi, fundi alimpokonya binti yake mkasi.

"Lete hapa! Ukiachiwa wewe, haya makoti yatakuja kuvaliwa na wajukuu wa hao wanafunzi."

Hakumpokonya kwa ubaya, tuseme ukweli. Alimpokonya kwa uchovu. Makoti arobaini ya sare yalitakiwa shuleni Ijumaa, na tangu Jumamosi binti alikuwa amekata miili tu, yaani migongo na vifua. Anakunja kitambaa uso kwa uso, anakilaza mezani, anakinyoosha kwa kiganja, anarudi nyuma hatua mbili kukitazama, anaweka karatasi ya kukatia, anachora kwa chaki. Halafu, na hapa ndipo baba mtu alipokuwa akisaga meno, anapima tena.

"Baba, imebaki mikono tu. Niache nimalizie."

"Mikono naikata mimi kabla chai haijapoa."

Na kweli aliikata kabla chai haijapoa. Mtaa mzima ulimwita Leo-kwa-Leo, na jina hilo hakupewa bure. Suruali ukimpelekea asubuhi aipunguze, mchana unatembea nayo. Binti yake wakamwita Taratibu, na hilo nalo hakupewa bure. Miezi minane nyuma alikuwa karani wa kampuni ya vifurushi, miaka sita dirishani, anagonga muhuri na kusema "anayefuata", mpaka siku moja alipotoka zamu akajaribu kukumbuka mchana amekula nini, akashindwa. Akajaribu kukumbuka ya jana, akashindwa. Mwisho wa mwezi akaacha kazi. Aliporudi nyumbani alitamka maneno ambayo hayajasamehewa mpaka leo: "Nimeamua niishi taratibu, mpaka nijue ninaelekea wapi."

"Unaelekea jikoni," mama yake alimjibu. "Vyombo havijaoshwa."

Usije ukadhani alikuwa mvivu. Vyombo aliviosha, nguo alizifua, sebule ambayo ndiyo karakana ya baba yake aliifagia mara mbili kwa siku. Ila kila kitu alikifanya kwa wakati wake, kimoja kimoja, na chai aliinywa amekaa kitini, mikono yote miwili kwenye kikombe, haongei, mpaka tone la mwisho. Chai ile iliwakera watu wa nyumba ile kuliko kama angekuwa mlevi. Mlevi angalau una la kumwambia.

Basi siku hiyo, akiwa anafagia vipande chini ya meza, aliinua macho akaona baba yake amepanga kitambaa tabaka nane, mkasi unapita kama panya ameona paka. Akasimama na ufagio.

"Baba, umegeuza nusu?"

"Nusu ya nini?"

"Ya kitambaa. Naona uso wote umeangalia juu."

"Mimi nilikuwa nakata makoti wewe hujaota meno. Fagia."

Akafagia. Na hicho ndicho kilichokuja kumuuma baadaye kuliko vyote, kwamba aliuliza mara moja tu, akafagia.

*

Jumanne mchana fundi alishona koti la kwanza. Mkono wa kushoto ukakaa vizuri. Wa kulia ukagoma. Alama za chaki hazikutaka kukutana, na yeye akazilazimisha kukutana, maana mashine ilikuwa imeshika kasi na hakuwa na muda wa kubembeleza kitambaa. Koti likaenda kwa mama, ambaye kazi yake ilikuwa matundu ya vifungo. Mama akalivaa, kama kawaida yake, aone linavyokaa.

"Baba watoto," akasema. "Hebu niangalie."

Kushoto alikuwa mtu. Kulia, kiwiko kilikuwa kimeangalia mbele, kiganja kimeelekea nyuma, kama karani anayeomba hongo mkubwa wake asione. Mama alianza kucheka, kisha akaona uso wa mumewe, kicheko kikamkwama.

Fundi aliinuka. Aliuchukua mkono mwingine kwenye rundo, akaulaza. Akachukua mwingine, na mwingine, na mwingine. Kila mtu aliyekaa na fundi nguo anajua jambo hili: kitambaa cha koti kina uso laini na mgongo mkavu, na mkono una upande wake. Ukikunja kitambaa uso kwa uso, ukikata unapata jozi, wa kulia na wa kushoto. Ukipanga matabaka yote uso juu kwa sababu kukunja kunakuchelewesha, unapata mapacha wasiofaa. Mezani palikuwa na mikono themanini, na yote themanini ilikuwa ya kushoto.

"Geuza mgongo uje nje," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Mgongo haung'ai. Mtoto avae koti la rangi mbili?"

"Nunua kitambaa kingine."

"Hiki kililetwa na shule, mama. Wamekileta kwa kipimo. Nikawaambie nini?"

Taratibu alisimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Hakusema "nilikuuliza." Maneno hayo yalimjaa mdomoni mpaka akayasikia ladha, lakini alimwona baba yake amekaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hajawahi kukikalia, akayameza. Shule ile ndiyo iliyoilisha nyumba miaka kumi na tisa. Wengine wote walikuwa wapita njia, zipu leo, pindo kesho. Shule ikiondoka, karakana inabaki bango.

*

Jioni hiyo akaja mdogo wake Taratibu wa kike, anayefanya kazi benki. Huyu ndiye aliyekuwa akilipa pango la nyumba, na hakuwa mtu wa kujisifu. Alilitaja mara moja tu kila alipokuja. Alikuta wazazi wamenyamaza, mikono imetandazwa sebule nzima, akadhani kuna msiba.

Walipomweleza, alimgeukia dada yake moja kwa moja. "Nani alikata?"

Fundi alikuwa anaokota uzi kwenye goti lake, uzi mmoja, kwa muda mrefu.

"Alianza kukata yeye Jumamosi," akasema hatimaye, bila kumtaja mtu.

Jambo lenyewe lilikuwa kweli, na uongo wake ulikuwa humo humo. Mama alifungua mdomo, akamtazama mumewe, akaufunga. Taratibu akasubiri baba yake amalizie sentensi. Haikumaliziwa.

"Nilijua," mdogo mtu akasema. "Dada, mimi nakupenda, lakini umechosha. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, sawa, ila wewe hata pangoni hujatoka! Sasa sikiliza. Alhamisi saa tatu kuna usaili, mapokezi, kampuni ya bima. Nimekuombea kwa watu mpaka nimeona aibu. Hii hapa blauzi yangu, na hii ni nauli."

Alimwekea nauli kiganjani na kumfumba vidole, kama anayempa mtoto pesa ya peremende. Taratibu alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

"Asante," akasema.

*

Jumatano asubuhi fundi alipiga simu shuleni. Alipigia uani, karibu na kamba ya nguo, na Taratibu alikuwa upande wa pili wa mashuka, anayaanika. Kama ulishawahi kusikia unasemwa nyuma ya shuka lililolowa, unajua huwezi hata kukohoa.

"Mwalimu mkuu, naomba mniongeze siku moja. Jumamosi. Kumetokea hitilafu kidogo kwenye kukata... Hapana, sio mimi, mwalimu. Mimi unanijua. Ni huyu binti yangu, nilimwachia mkasi... Ndiyo, huyo huyo aliyeacha kazi. Ndiyo. Watoto hawa, mwalimu, utafanyaje."

Kisha akacheka kidogo. Kucheka kule ndiko kulikomkata maini binti. Uongo angeweza kuuelewa; mtu anazama, anashika chochote. Lakini kucheka?

Fundi alipogeuka aliona miguu ya binti yake chini ya shuka. Yeye akaingia ndani, akaketi kwenye mashine, akakanyaga pedali bila nguo yoyote chini ya sindano.

Taratibu alimaliza mashuka. Akayabana yote kwa vibanio, moja baada ya jingine. Alikuwa na hasira, tena hasira ya kweli, ile inayotaka kuvunja sahani. Aliwaza aondoke. Aliwaza avae ile blauzi leo hii na kulala mlangoni mwa kampuni ya bima. Halafu akaingia sebuleni kuchukua kapu la nguo, akaona ile mikono mezani, na macho yake, badala ya kumfuata yeye kwenye hasira yake, yakabaki pale.

Akachukua mkono mkubwa kuliko yote, wa mwanafunzi mrefu. Akatafuta karatasi ya kukatia ya mkono mdogo kuliko yote, wa kulia. Akailaza juu yake. Ilitoka nje upande mmoja. Akaizungusha, ikatoka juu. Akaisogeza upana wa kidole, akaizungusha tena kidogo, nusu ya kidole, akabana pumzi.

Ikaingia.

"Baba," akasema, "mkono mkubwa wa kushoto unatoa mdogo wa kulia."

Fundi alikuja, akatazama, akataka kuushika mkasi. Binti hakuutoa.

"Hapana. Hapa hakuna nafasi ya kukosea hata ya uzi mmoja. Wewe fumua lile koti na ushone miili."

Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile mtu kumwambia Leo-kwa-Leo la kufanya. Akaenda kufumua.

*

Alhamisi saa moja na nusu blauzi ilikuwa imepigwa pasi, inaning'inia mlangoni. Taratibu alikuwa mezani tangu kulipopambazuka. Mikono kumi na sita ya kulia ilikuwa imepatikana, na alishapiga hesabu kwamba njia ile itampa ishirini na mitatu, basi, maana mkubwa hutoa mdogo lakini mdogo hautoi mkubwa. Masalio ya jora yangetoa kumi na mmoja. Ilibaki sita ya wanafunzi wakubwa, na kwa hiyo sita hakuwa na jibu bado.

"Nenda, mwanangu," fundi alisema, hatazami juu. "Huku kumeshaharibika. Angalau wewe ujipatie kitu."

"Nimeshapata, baba."

"Umepata nini?"

"Hii. Kukata." Aliuonyesha mkasi kwa kidevu. "Miezi minane mmeniuliza ninaelekea wapi na mimi sikujua. Sikuwa nawakebehi, nilikuwa sijui kweli. Sasa najua. Nataka niwe mkataji. Nataka kazi ya meza hii, kila siku, kwa mwendo wangu."

Mama alicheka kwa mshangao, sindano mdomoni. "Yaani ulizunguka kote huko kumbe ulikuwa unatafuta sebule?"

"Ndiyo, mama."

Fundi alishusha macho. Ungesema amepigwa kofi, na kwa namna fulani alikuwa amepigwa. Binti anaomba meza, na yeye jana ameiambia dunia kwamba binti ndiye aliyeiharibu.

Simu ya mdogo wa benki ilifika saa tatu na robo, na alipiga kelele mpaka mama akasogea mbali. Alisema amedhalilishwa. Alisema mwezi ujao pango watalilipa kwa mikono ya kushoto. Taratibu alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyokunywa chai.

"Una haki ya kukasirika," akamwambia. "Nauli yako nitakurudishia na blauzi. Nisamehe, mdogo wangu. Siendi."

Jibu la ile sita lilitoka kwa mama mchana huo. Zamani, alisema, kitambaa kilipokuwa adimu, mafundi waliunga kipande cha kwapani, mahali ambapo hata anayevaa hapaoni. Taratibu alikaa na vipande vilivyotupwa kwenye gunia, akivigeuza kimoja kimoja kutafuta mwelekeo wa uzi unaolingana. Vipande sita vilimchukua muda kuliko mikono ishirini. Fundi alipita nyuma yake mara tatu, na mara zote tatu alitaka kusema "fanya haraka", na mara zote tatu akaenda kunywa maji.

*

Jumamosi saa nne kasoro robo walikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, makoti arobaini kwenye viti. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa miwani ya kamba, anayeangalia nguo kama anavyosahihisha mitihani. Aliinua mikono, akapekua bitana, akavuta mishono. Alifika kwenye makoti sita, akayapita. Akarudi kwenye moja, akaingiza kidole kwapani.

"Hapa pana kiungo."

"Pana kiungo, mwalimu," Taratibu alisema.

"Kimeungwa vizuri." Akavua miwani. Ndipo akamtazama sawasawa. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekosea."

Taratibu aliangalia baba yake. Baba yake aliangalia zulia.

"Haidhuru, yameisha," mwalimu mkuu akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole, huo ndio ulikuwa ubaya wake. "Fundi, muhula ujao nina sare mia na ishirini. Miaka kumi na tisa hujawahi kuniangusha, kwa hiyo nitakupa. Ila nina sharti moja, na usinielewe vibaya. Huyu binti asishike mkasi wa nguo za shule yangu. Afagie, abandike vifungo, vyovyote. Mkasi, hapana. Tumeelewana?"

Mia na ishirini! Ilikuwa kazi ya miezi mitatu. Ilikuwa pango bila kumtazama mtoto wa benki usoni. Jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja, tena fupi, na Leo-kwa-Leo hakuwahi kuchelewesha neno maishani mwake.

Lakini safari hii alilichelewesha. Kengele ya mapumziko ya masomo ya Jumamosi ikalia, watoto wakatoka mbio uwanjani. Taratibu aliona mikono ya baba yake juu ya magoti, vidole vimejikunja kama bado vimeshika mkasi, na akajua kwamba likitoka "ndiyo" hatamlaumu, na kwamba hatarudi mezani tena maisha yake yote.

"Mwalimu," fundi akasema. "Basi mkasi itabidi niuache mimi."

"Una maana gani?"

"Nilikata mimi. Mikono yote themanini. Huyu aliniuliza, nikamwambia afagie. Halafu nikakupigia simu nikamsingizia. Hayo uliyoyashika ndiyo aliyoyakata yeye. Miili yote, na mikono ya kulia yote. Na kiungo cha kwapani."

Mwalimu mkuu alirudisha miwani usoni taratibu.

"Mtoto wako mwenyewe, fundi?"

"Mtoto wangu mwenyewe."

"Miaka kumi na tisa," akasema yule mama, akatikisa kichwa. Hakuna aliyejua anamtikisia nani. "Nitawapigia. Siahidi. Nahitaji kufikiri."

*

Walirudi kwa miguu. Fundi, ambaye siku zote humtangulia mkewe kwa nyumba tatu, alitembea sambamba na binti yake, na binti hakuongeza mwendo kumrahisishia. Walipofika kwenye kona ya duka la vyombo ndipo aliposema, "Nisamehe, mwanangu."

"Ulicheka, baba," alisema Taratibu. "Kwenye simu. Hicho ndicho sijakisahau."

"Najua."

"Nitakisahau. Lakini sio leo."

"Sawa," fundi akasema. "Chukua muda wako."

Mama alikuwa mlangoni. "Wametupa?"

"Bado," mumewe akamjibu, akampita. Hakwenda mezani. Alikwenda kwenye kiti cha mkewe, kile cha matundu ya vifungo, akakaa, akaanza kutafuta tundu la sindano kwa macho yaliyochoka. Mkasi aliuacha mezani, mpini umeelekea upande wa binti. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cha mteja, gauni la kushona, linatakiwa Jumatatu, halijakatwa.

Taratibu aliutazama mkasi. Kisha akaenda jikoni, akajimiminia chai, akarudi nayo, akakaa kwenye kiti. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Akaanza kunywa, na machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Mama aliangalia saa ya ukutani, akafungua mdomo. Mumewe akamwangalia, naye akaufunga. Chai ilikuwa ya moto, ikachukua muda. Taratibu aliinywa yote, na wao wakamsubiri.